Moto wa Kuatamia

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Alhamisi, ile ya mwisho kabla ya Sikukuu ya Mkufu, asubuhi, jua likiwa halijavuka mapaa ya mji wa Fuawe, na daraja la Mto Zimuo likiwa limejaa watu wa sokoni kama ilivyo desturi yake. Halikuyumba wala halikulia. Lilitoa mlio mmoja mfupi, tak, kama muwa unaovunjwa gotini, kisha kipande chake cha kati kikaenda majini na watu wake na vikapu vyao. Miongoni mwao alikuwamo mke wangu Mwanamvua, sinia la vitumbua kichwani. Sinia lilionekana siku ile ile, limenasa kwenye matete, vitumbua vichache bado vimo. Yeye tulimpata Jumamosi.

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu wakubwa wetu wao huanza na siku iliyofuata, siku waliyokuja na mashada ya maua na wapiga tarumbeta, kana kwamba msiba huanza pale mheshimiwa anaposhuka kutoka kilimani.

Nchi yenyewe inaitwa Sulubani. Ni nchi ndefu na nyembamba, imelala kati ya milima miwili kama panga lililosahauliwa nyasini, na kwa kuwa ardhi yake ni mawe matupu yasiyootesha hata mchicha, Mungu akawapa watu wake chuma ili wasife njaa. Huko bondeni ndiko uliko Fuawe, mji wa wahunzi, mweusi wa moshi tangu enzi za mababu, ambako nguo zinaanikwa nyeupe na kuanuliwa za kijivu, ambako hata maziwa ya mbuzi yana ladha ya masizi na mtoto huijua sauti ya nyundo kabla ya kuijua sauti ya baba yake. Juu yake kimekaa kilima cha Kipupwe, baridi mwaka mzima, na kileleni pake Ukumbi wa Baraza, nyumba ya mawe yenye paa zito la vigae ambalo lote, kutoka ukuta hadi ukuta, limebebwa na boriti moja ya chuma. Boriti hiyo wahenga waliiita Mhimili, wakaitundika kwa pini nene kama mikono ya wanyanyua mizigo, na ilikuwa ndiyo fahari ya nchi kabla nchi haijapata fahari nyingine.

Mtawala wa Sulubani jina lake Tamalaki. Aliposhika nchi aliitazama boriti ile, akapendezwa nayo, akajitwalia jina lake: Mhimili wa Taifa. Tangu hapo ikawa kosa kutamka hadharani kwamba Mhimili umechoka, au umeota kutu, au umeinama, na hakimu hakuwa na haja ya kuuliza unazungumzia mhimili upi.

Waliomzunguka walipanda kilimani wembamba, wote. Hilo nalikumbuka kwa macho yangu. Zamani kila mtaa wa Fuawe ulikuwa na mjumbe wake, mtu mdogo tu, asiyejulikana mtaa wa pili, lakini katika mtaa wake amekaa na kushika: ukimsukuma hasogei. Lafuka alikuwa mmoja wao. Akaanza kwa kuumeza mtaa wa jirani, mjumbe wake akawa karani wake. Kisha akameza wa ng'ambo. Kisha walewale waliokwisha kumezana wakamezwa naye kwa mkupuo, na kila alipomeza alinenepa, na pale palipokuwa na wajumbe wengi wadogo pakabaki uwazi mpana na Lafuka mmoja akiwa mbali. Akaitwa Waziri wa Moto. Wenzake nao wakafanya hivyo hivyo, hata likapatikana Baraza la watu wachache wanono wanaokaa kwa joto, na huku chini mitaa ikawa inateleza tu, haina cha kuishika.

Sasa nieleze chuma chetu, maana pasipo kukijua hutaelewa nani aliua.

Chuma cha Sulubani si chuma kitupu. Wahunzi hutia ndani yake shaba kidogo, kama mpishi anavyotia chumvi. Kisha kinapitia mioto miwili. Wa kwanza ni moto mkubwa, wa wanaume, wa kelele na mivukuto, ambao ndani yake shaba huyeyukia katika chuma kama sukari kwenye uji, isionekane iko wapi. Kikiwa katika hali hiyo huchovywa ghafla mtoni, na ile shaba hunaswa hapo hapo ilipo, imetawanyika, haijui ishike nini. Mgeni akikiona chuma wakati huo hudhani kimekwisha: kinang'aa, kizito, kinatisha. Kumbe bado hakijawa kitu. Kinasubiri moto wa pili.

Moto wa pili ni mdogo, wa makaa tu, hauna mwali wala makelele, na huo ulikuwa wa wanawake. Walikiweka chuma juu yake na kukaa nacho, bila kuondoka, wakiongeza kaa hapa na kupunguza pale, mpaka shaba ianze kujikusanya humo ndani katika punje ndogo ndogo zisizoonekana kwa jicho, punje elfu kwa elfu, kila moja mahali pake, kila moja imeng'ang'ania kipande chake cha chuma kisiteleze. Hapo ndipo chuma kinapokuwa chuma. Kazi hiyo waliiita kuatamia, neno lile lile la kuku na mayai yake, na wenyewe waliitwa waatamizi. Walijua saa ya kukitoa kwa rangi yake: kikishakuwa na rangi ya asali mbichi, kinatolewa. Kikitolewa kabla, kitavunjika bila kuaga. Kikisahauliwa motoni, rangi inakwenda zambarau, kisha samawati kama shingo ya njiwa, na humo ndani punje kubwa zinaanza kuzila ndogo, zinanenepa, zinapungua, mpaka zinabaki chache zilizoshiba na uwazi katikati yake, na chuma kinakuwa laini. Hakivunjiki hicho. Kinainama.

Mwanamvua alikuwa mwatamizi. Mama yake alikuwa mwatamizi, na bibi yake alikuwa miongoni mwa walioziatamia pini za Mhimili wenyewe. Alikuwa na kigoda chake kifupi, na kucha zake hazikutakata hata siku ya harusi yetu. Nilimcheka, akaniambia nikitaka mke wa kucha nipande Kipupwe.

Basi ikatokea kwamba baridi ya Kipupwe ikawazidi waheshimiwa. Au waliizidi wao, sijui. Mtu akinenepa huomba joto zaidi. Wakajenga katikati ya Ukumbi tanuri kubwa la kuwapasha, na bomba lake la moshi likapandishwa wima hadi darini, pembeni mwa Mhimili, likapita katikati ya zile pini. Tanuri lile lilikula mkaa kama halina tumbo. Lafuka akatumwa atafute mkaa nchini, na nchi yetu haina misitu ya kuchezea, kwa hiyo mkaa ulikuwa mahali pamoja tu: kwa waatamizi.

Alifika uani kwao mchana, na walinzi na mwavuli. Nilikuwapo, nimempelekea mke wangu chakula. Akawatazama wale wanawake waliokaa kimya mbele ya makaa, akauliza wanafanya nini.

"Tunaatamia, mheshimiwa," akajibu Mwanamvua.

"Mnaatamia nini?"

"Pini za daraja."

Lafuka akawageukia walinzi wake ili wapate nafasi ya kucheka, nao wakacheka. "Na vifaranga vitatoka lini, mama?"

"Vinatoka sasa hivi, baba. Ila vya kwetu havilii."

Wanawake wakainamisha vichwa, mabega yakawacheza. Mlinzi mmoja naye kicheko kikamponyoka, na hicho hakikuwa kimeagizwa. Nafikiri nchi iliuzwa pale, kwa kicheko kile. Lafuka alikaza midomo, akasema polepole kwamba Sulubani si banda la kuku, na kwamba haiwezekani taifa la wanaume wanaofua chuma kwa moto mkubwa liende kumalizia kazi yake kwa wanawake waliokalia vigoda.

Haikupita wiki ikatoka amri. Jina lake Moto Mmoja. Chuma kitapita moto mmoja, ule mkubwa, kwa kuwa nchi ni moja. Na neno kuatamia lisitumike tena kwa kitu chochote kisicho na manyoya. Waatamizi wakajaribu njia ya panya: wakasema sawa, wao hawaatamii, wanakilaza tu chuma. Wakajibiwa kwamba chuma cha Sulubani hakilali. Wakasema basi wanakipumzisha. Wakaulizwa kama wanadai kimechoka. Hapo wakainuka vigodani, maana neno la kuchoka tayari lilikuwa na jela yake.

Mkaa ukapanda kilimani. Waatamizi wakatawanyika, huyu akafua nguo za watu, yule akauza mboga, wangu akakaanga vitumbua na kuvuka navyo daraja kila siku ya soko. Tatizo likabaki moja dogo: pini mpya zilitoka majini na rangi yao ya kijivu, na kila mtu wa Fuawe, hata kipofu wa kuambiwa, anajua pini huwa ya rangi ya asali. Lafuka akalimaliza hilo kwa kopo. Aliagiza pini zote za nchi zipakwe kijani cha taifa, kwa uzalendo. Zikapakwa. Zikapendeza kweli. Mwanamvua alizitazama siku zilipofungwa darajani, akaniambia, "Mume wangu, mtu akipaka kitu rangi, muulize anaficha rangi gani."

Nikamwambia asivuke. Akaniuliza vitumbua atawauzia samaki?

Baada ya mazishi nilikwenda mtoni, nikaokota nusu ya pini. Mahali ilipokatika palikuwa na chenga chenga, kama sukari guru iliyopigwa ukutani. Nikakwangua kijani kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kijivu, safi, kama ilivyochovywa. Nikaifunga katika kanga yake, nikapanda nayo Kipupwe.

Huko juu walikuwa wamekwisha kufanya uchunguzi. Walitangaza kwamba daraja halikuwa na kosa. Waliokuwa juu yake walitembea kwa wasiwasi, na wasiwasi wa wengi ni mzito. Lafuka alinipokea vizuri, siwezi kusema uongo. Alinikalisha. Akasema mipango ni ya Mungu. Nikafungua kanga, nikaweka ile nusu pini mezani kwake, akaigeuza kwa ncha ya kalamu, akaitazama pale ambapo sikuwa nimekwangua.

"Lakini rangi yake bado nzuri," akasema.

Kisha akaniambia taifa halimsahau mfiwa, na kwa hiyo limenipa kazi: kuchukua mkaa na kulilisha tanuri la Ukumbi. Mkaa ule ule. Nilitaka kukataa. Lakini mtu aliyezika hana nguvu za kukataa, na nyumbani jiko lilikuwa limezimika pande zote. Nikapiga magoti, nikashukuru, kama tunavyofanya sote, na ndiyo maana wapo pale walipo.

Ndivyo nilivyoingia Ukumbini. Ndani yake mna joto la namna ya kupumbaza. Waheshimiwa hukaa duara kuzunguka tanuri, makoti yamefunguliwa, macho yamefumba nusu, wakijadili baridi ya watu wengine. Anayefagia pale ni Bi Mashavu, mwatamizi wa zamani, aliyekaa kigoda cha pili baada ya Mwanamvua. Siku yangu ya kwanza hakunisalimu hata. Alinikaribia na ufagio wake, akasema bila kuinua uso, "Shemeji, mwaga gunia, halafu jifanye unapangusa jasho, utazame juu."

Nikapangusa jasho. Pale bomba la moshi linapopita kati ya pini za Mhimili, zile walizoziatamia mabibi zetu na kuzitoa kwa wakati, asali ilikuwa imeondoka. Pini ya karibu ilikuwa zambarau.

"Inaatamiwa tena," nikasema.

"Shii. Neno hilo la kuku."

"Mpaka lini?"

"Muulize anayeleta mkaa," akasema, akaendelea kufagia.

Yalipita majira. Mimi nilipandisha magunia, wao wakaomba mengine. Zambarau ikawa samawati, na pini ya pili ikaifuata ya kwanza, halafu mlango mkuu wa Ukumbi ukaanza kukwaruza sakafu. Baraza likaukalia kikao mlango ule, likaona una utovu wa nidhamu, likaita seremala akaupiga randa. Ukafunguka vizuri, kisha ukaanza tena, akaitwa tena. Ukumbi wa Baraza la Sulubani una mlango unaozidi kuwa mfupi, na kila mtu amejifunza kuinama kidogo anapoingia, na wanasema ni heshima.

Siku moja nilimwambia Bi Mashavu aache kazi ile, akafagie kwingine. Aliniuliza kwingine wapi ambako hawajafika. Halafu akasema hafagii katikati siku hizi, anafagia pembeni tu, na kama nimemsikia mheshimiwa yeyote akilalamika kwamba katikati kuna vumbi nimwambie. Hakucheka, wala mimi. Lakini usingizi ukaniacha. Si kwa ajili ya Lafuka. Huyo nilikuwa nikimwona chini ya vigae kila nilipofumba macho, na nilikuwa nikimtazama bila haraka. Ni kwa ajili yake yule bibi, na wahudumu wa chai, na walinzi, yule aliyeponyokwa na kicheko akiwa mmoja wao. Paa halichagui. Daraja nalo halikuchagua.

Kwa hiyo nilisema. Watu wa Fuawe waliponiuliza baadaye mbona hukusema, niliwaambia na ninarudia: nilisema. Nilimvizia Lafuka akinywa uji karibu na tanuri, nikapiga goti, nikamwambia, "Mheshimiwa, zile pini juu ya bomba zimekaa motoni mno."

Akatazama juu, kwa mara ya kwanza nafikiri tangu apande kilimani. Uso wake ukachangamka.

"Zimekaa motoni mno," akarudia, ili wenzake wasikie. "Basi ndizo ngumu kuliko zote. Mzee, tazama sisi. Sisi tumekaa mwaka mmoja? Anayekaa ndiye anayekomaa." Wenzake wakagonga meza. Akanipa mabaki ya uji wake, akaniambia leo baridi ni kali, niongeze gunia.

Nikaongeza gunia.

Basi ikafika Sikukuu ya Mkufu ya mwaka uliofuata. Baraza zima lilikuwapo, na Tamalaki mwenyewe, ambaye siku nyingine hukaa chumba cha ndani. Alivikwa mkufu, akakaa kwenye kiti chake chini kabisa ya Mhimili. Lafuka alikuwa anasoma taarifa ya ugumu wa taifa, sauti yake nzuri, ya kulaza mtoto. Mimi nilikuwa nimesimama na gunia begani, nikisubiri nipewe ishara nilimwage. Bi Mashavu alikuwa pembeni, mgongo ukutani, ufagio mkononi.

Likaanguka vumbi kidogo la chokaa, laini, kama unga unaopeperuka kwenye ungo. Likatua kwenye mkufu. Tamalaki akalipuliza, akatazama lilikotoka. Akatazama muda mrefu. Lafuka akakosa mstari, na kwa mara ya kwanza ikasikika juu kule sauti ndogo ya kitu kinachojivuta, isiyo na haraka hata kidogo.

Nilikwisha kusema kuna sheria. Waheshimiwa wote waliijua, kwa kuwa waliiandika wao. Wa kwanza akashusha macho kwenye makaratasi yake, wa pili akafuata, ikawa duara zima la vipara. Lafuka peke yake hakushusha. Alinitazama mimi, midomo imefunguka, kama mtu anayetaka mwingine amtafunie. Mlinzi akamtazama Bi Mashavu. Bi Mashavu akanitazama mimi, kisha akalitazama gunia begani kwangu. Niliuhisi uzito wake wote, na nikakumbuka kucha za mke wangu.

Nikikaa kimya nitakuwa nimewaua wote waliomo, nikisema kweli nitakuwa nimevunja sheria ya waliomuua yeye, na nikisema kweli hiyo hiyo labda nitakuwa nimewaokoa. Nadhani kila mmoja mle ndani alikuwa na hesabu yake. Tanuri likanguruma likidai chakula. Na Tamalaki, Mhimili wa Taifa, uso umeelekea darini, vumbi limo katika nyusi, aliuliza kwa sauti nyembamba ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, swali ambalo mpaka hapa ninapoandika halijapata mtu wa kulijibu:

"Jamani, Mhimili umeinama, au ni macho yangu?"